Tamthilia ya familia ya 7 Agosti: haki ingewafikia kwa njia gani?

Swali: Ninaandika tamthilia ya jukwaani kuhusu familia moja ya Nairobi. Mama ni mwalimu wa uhazili katika jengo la Ufundi na anafariki katika mlipuko wa 7 Agosti 1998, ule uliolenga ubalozi wa Marekani. Binti yake, aliyekuwa na miaka tisa, anakua, anasomea sheria, na katika onyesho la mwisho anamhoji gaidi kizimbani. Jaji anatoa hukumu na kuamuru familia ilipwe fidia. Wenzangu kundini wanasema mwisho huo hauaminiki, ila hawawezi kunieleza kwa nini. Kisheria mambo yangeendaje? Na familia kama hii, haki ingeipata wapi? – Mwandishi, Eldoret

Jibu:

Dada mwandishi, wenzako wameona kweli. Onyesho lako la mwisho limeunganisha kesi mbili ambazo hazikuwahi kukutana: kesi ya jinai, ya kuamua nani aliua, na kesi ya madai, ya kuamua nani alipe. Kwa familia za 7 Agosti kesi hizo zilisikilizwa katika miji tofauti, mbele ya majaji tofauti, na kati ya hukumu kubwa ya kwanza na malipo ya mwisho ilipita miaka 20 hivi. Tena hazikusikilizwa katika mahakama za Milimani, Nairobi. Moja ilikuwa New York, nyingine Washington. Binti yako akitaka kukaa hata kwenye viti vya wasikilizaji, itambidi kwanza aombe viza kwa ubalozi uleule wa Marekani, ambao siku hizi uko Gigiri.

Lakini kabla hatujafika huko, hebu tazama mahali ulipomweka mama. Umemweka Ufundi, na kwa kufanya hivyo umeshaamua hatima ya familia nzima, pengine bila kujua.

Ijumaa ile, yapata saa nne na nusu asubuhi, lori lilifika nyuma ya ubalozi wa Marekani, pale Barabara ya Moi inapokutana na Haile Selassie. Mlinzi alikataa kulifungulia lango. Mmoja wa waliokuwa ndani ya lori akashuka na kurusha guruneti, risasi zikasikika. Watu waliokuwa maofisini jirani wakafanya kile ambacho mtu yeyote angefanya: wakaenda dirishani kuona kuna nini. Sekunde chache baadaye bomu likalipuka. Ndiyo maana walionusurika wengi walipoteza macho. Kioo kiliwakuta wamekielekezea uso. Kama kuna jambo moja ningependa litokee jukwaani katika dakika zako za mwanzo, ni hilo: sauti ndogo, viti vinasukumwa nyuma, watu wanasogea dirishani.

Jengo la Ufundi, lililosimama ubavuni mwa ubalozi, liliporomoka lote. Humo mlikuwa na ofisi na chuo cha uhazili, vijana wakijifunza kazi ya ofisini. Chini ya kifusi hicho kulikuwa na mwanamke ambaye waokoaji walizungumza naye kwa siku kadhaa wakimpa moyo, akafa kabla hawajamfikia. Waliouawa Nairobi ni 213. Wamarekani kati yao walikuwa 12. Wakenya walioajiriwa ubalozini waliokufa walikuwa zaidi ya 30. Waliobaki, yaani wengi kabisa, walikuwa watu wa Ufundi, watu wa jengo la Benki ya Ushirika, abiria wa basi, wapita njia. Dar es Salaam, ambako lori jingine lililipuka karibu wakati uleule, walikufa 11, na hakuna Mmarekani hata mmoja kati yao.

Sasa sikiliza swali ambalo sheria iliwauliza marehemu hao wote. Haikuuliza uliumia kiasi gani, wala umeacha watoto wangapi. Iliuliza: mshahara wako ulikuwa unalipwa na nani? Hapo ndipo tamthilia yako ilipo, nami nitazunguka kote lakini nitarudi hapo hapo.

Tuanze na jinai. Washtakiwa wanne wa kwanza walisikilizwa mwaka 2001 katika mahakama ya shirikisho ya Manhattan, mbele ya Jaji Leonard Sand. Walikuwa Mohamed Rashed Daoud al-Owhali, yule aliyeshuka kwenye lori la Nairobi akakimbia. Mohamed Sadeek Odeh, aliyekuwa amefanya makazi yake pwani ya Kenya. Wadih el-Hage, Mmarekani mzaliwa wa Lebanon aliyewahi kuishi Nairobi na familia yake. Na Khalfan Khamis Mohamed, Mzanzibari aliyekamatwa Cape Town. Juri, yaani raia 12 waliochaguliwa kuamua kesi, waliwapata na hatia tarehe 29 Mei.

Kwa mfumo huo, binti yako hana nafasi ya kumhoji mtu. Anayeendesha mashtaka ni serikali. Jamaa wa marehemu ni shahidi, basi. Na hata angekuwa mwendesha mashtaka mwenyewe, mshtakiwa ana haki ya kunyamaza. Hakuna anayeweza kumlazimisha apande kutoa ushahidi. Waandishi wengi wa michezo husahau hili kwa sababu onyesho la kumbana mhalifu kwa maswali linapendeza. Katika kesi halisi ya ugaidi mshtakiwa anaweza kukaa miezi akisikiliza, akiandika vijikaratasi kwa wakili wake, na familia isiisikie sauti yake hata siku moja.

Badala ya onyesho hilo nakupa jingine, la kweli. Baada ya hatia kuthibitishwa, juri iliketi tena kuamua kama al-Owhali na Khalfan Khamis Mohamed wauawe. Hapo ndipo jamaa na manusura kutoka Kenya na Tanzania walipopandishwa kizimbani kueleza walichopoteza. Mfikirie baba wa familia yako, fundi cherehani wa mtaa wa Umoja ambaye hajawahi kupanda ndege. Anapewa tikiti, hoteli na mkalimani. Anaulizwa maswali machache na mwendesha mashtaka mwenye adabu sana: mlioana lini, watoto wangapi, siku ile ulimtafuta wapi. Anaeleza alivyokwenda Hospitali ya Kenyatta, halafu mochari ya City, halafu akarudi Kenyatta. Wakili wa utetezi anasema hana maswali, kwa sababu anajua kumhoji mjane mbele ya juri ni kujiumiza. Baba anashuka. Amesafiri bara zima kwa ajili ya dakika hizo, na amekuja kuombwa, pasipo kuambiwa waziwazi, asaidie mtu auawe. Je, alitaka hivyo? Kama ni mtu wa kanisa? Kama mwanawe wa kiume alimwambia kabla ya safari asirudi bila kitanzi?

Juri haikuafikiana kuhusu adhabu ya kifo kwa yeyote kati ya wawili hao, na bila kauli moja adhabu inakuwa kifungo cha maisha. Wakati huohuo, Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilikuwa imeamua, mwezi Mei mwaka uleule, kwamba nchi hiyo ilivunja sheria kwa kumkabidhi Khalfan Khamis Mohamed kwa Marekani bila kupata ahadi kwamba hatauawa. Jamaa wengine wangeiona hukumu hiyo kuwa ni tusi. Mimi naiona kuwa moja ya hukumu bora zilizoandikwa barani kuhusu thamani ya mwili wa binadamu, akiwemo mwenye hatia. Weka mabishano hayo mezani nyumbani kwa baba yako wa jukwaani, hayahitaji wakili.

Wote wanne walihukumiwa kifungo cha maisha tarehe 18 Oktoba 2001, wiki tano baada ya minara ya New York kuangushwa, katika mahakama isiyo mbali na vifusi vyake. Waliamriwa pia kulipa fidia ya dola zaidi ya milioni 33, fedha ambazo hawakuwa nazo na hawatakuwa nazo. Kwa hiyo utaona: amri ya jaji wa jinai kwamba familia ilipwe, ile uliyoiandika wewe, ilitoka kweli. Haikununua hata daftari.

Usiishie 2001. Mwaka 2010 Ahmed Khalfan Ghailani, Mzanzibari mwingine, alisimamishwa mbele ya Jaji Lewis Kaplan katika jiji hilohilo. Alikuwa amekamatwa Pakistan mwaka 2004, akapitishwa mikononi mwa majasusi wa CIA, kisha Guantánamo, jela ya kijeshi ya Marekani. Jaji alimzuia shahidi muhimu wa upande wa mashtaka kwa sababu jina la shahidi huyo lilipatikana kutokana na mahojiano ya kumlazimisha mshtakiwa. Mashtaka yalizidi 280, na ndani yake lilikuwemo shtaka la mauaji kwa kila mmoja wa watu 224 waliokufa katika miji yote miwili. Juri ilimpata na hatia katika shtaka moja tu, la kula njama ya kuharibu majengo na mali. Mengine yote: hana hatia.

Sasa weka hapo binti yako, mwaka 2010 ana miaka 21, yuko chuo kikuu mwaka wa tatu wa sheria. Anajua kwamba jina la mama yake ni moja ya mashtaka yale. Anajua pia, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa darasani, kwamba ushahidi uliotokana na mateso haufai kuingia mahakamani, na anaamini hivyo kwa dhati. Usiku, kwa saa za Nairobi, habari inafika: kwa mauaji ya mama yako, hana hatia. Ghailani alihukumiwa maisha Januari 2011 kwa lile shtaka moja, kwa hiyo kwa hesabu ya jela matokeo ni yaleyale. Kwa binti si yaleyale hata kidogo. Akinyamaza mbele ya baba yake akiwa ameishika simu, utakuwa na kilele kikali kuliko hicho cha kumhoji gaidi.

Haya, twende kwenye fidia.

Mlango wa kwanza ulikuwa kuishtaki serikali ya Marekani yenyewe kwa uzembe. Si wazo la ajabu. Balozi Prudence Bushnell alikuwa ameomba mara kadhaa ubalozi uhamishwe kwa sababu jengo lilikuwa karibu mno na barabara, na tume iliyoongozwa na Admirali William Crowe ilieleza mwaka 1999 jinsi usalama wa balozi za Marekani ulivyopuuzwa kwa miaka. Wakenya kwa maelfu waliungana katika kesi iliyojulikana kwa jina la Macharia dhidi ya Marekani. Ilitupwa, na mwaka 2003 mahakama ya rufaa ya Washington ikakubali itupwe. Sababu zilikuwa za kisheria tupu: serikali hiyo imeruhusu kushtakiwa kwa uzembe kwa mipaka maalum, na maamuzi ya kisera kuhusu usalama wa ubalozi yako nje ya mipaka hiyo. Mahakama haikusema Wakenya hawakuumia. Ilisema hapa si mahali pao.

Kulikuwa na misaada, na ni haki kuitaja: kupitia USAID, shirika la misaada la Marekani, zilikuja fedha za matibabu, karo za yatima, ushauri nasaha, na ukarabati wa majengo. Ulikuwa msaada, wenye kuanza na kuisha. Fidia ni kitu kingine, kwa sababu anayelipa fidia anakubali kwamba kuna deni.

Mlango wa pili ulikuwa Sudan. Osama bin Laden, kiongozi wa mtandao wa al-Qaeda, aliishi Khartoum kuanzia 1991 hadi 1996 chini ya ulinzi wa serikali ya Omar al-Bashir, na hoja ya wadai ilikuwa kwamba mtandao huo, uliolipua balozi hizo mbili, ulilelewa huko. Kwa kawaida nchi moja haishtakiwi katika mahakama za nchi nyingine; ina kinga ya dola. Marekani iliweka tundu kwenye kinga hiyo kwa nchi ilizoziorodhesha kuwa wafadhili wa ugaidi, na Sudan ilikuwa kwenye orodha tangu 1993. Mwaka 2008 sheria ikapanuliwa. Wenye haki ya kushtaki wakawa raia wa Marekani, wanajeshi wake, na watu walioajiriwa na serikali yake au wakandarasi wake, hata kama ni Wakenya au Watanzania, waliokuwa kazini.

Soma orodha hiyo tena ukitafuta mwalimu wa uhazili wa Ufundi. Hayumo.

Ndiyo maana nakuomba uongeze familia ya pili. Wanawake wawili wanakaa ploti moja, wanasali kanisa moja, na asubuhi ile wamepanda matatu moja. Mmoja anashuka anaingia ubalozini, ambako ni karani. Mwenzake anaingia jengo la pili, anafungua darasa. Wanakufa kwa mlipuko mmoja, wanatafutwa mochari moja na waume wanaoshikana mikono. Kwa miaka kumi familia hizi ni kama moja. Halafu, baada ya 2008, wakili anafika kwenye ploti akiwa na fomu, na fomu zinatosha nyumba moja tu.

Kesi hiyo, inayojulikana kama Owens dhidi ya Sudan, ilifunguliwa 2001. Mwaka 2010 Jaji John Bates alisikiliza ushahidi kwa siku tatu huku meza ya Sudan ikiwa tupu. 2011 akaamua kwamba Sudan inawajibika. 2014 hukumu za fidia zikafikia jumla ya dola bilioni 10.2. Sudan ikashtuka, ikaleta mawakili, ikakata rufaa. Mwaka 2017 mahakama ya rufaa ikaondoa sehemu ya fidia ya adhabu, yaani ile ya kumwadhibu mkosaji juu ya kulipa hasara, zaidi ya dola bilioni 4. Mei 2020 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Opati dhidi ya Sudan, majaji wanane kwa kauli moja, ikasema fidia ya adhabu inaruhusiwa hata kwa kitendo cha kabla ya 2008. Magazeti yetu yaliandika kwamba waathiriwa wameshinda mabilioni.

Wakati huo Bashir alikuwa ameshapinduliwa, na serikali ya mpito ya Abdalla Hamdok ilikuwa na nchi iliyofilisika ikihitaji kuondolewa kwenye orodha ile. Mazungumzo yakafanyika kati ya serikali na serikali. Mwisho wake ulikuwa dola milioni 335, zilizogusa pia mashambulizi mengine mawili, na Desemba 2020 Sudan ikatoka kwenye orodha. Bunge la Marekani likairudishia kinga yake dhidi ya madai haya. Mwaka 2021 fedha zikatolewa. Kwa mujibu wa mgao uliopangwa, familia ya Mmarekani aliyeuawa ilistahili dola milioni 10. Familia ya mfanyakazi mwenyeji wa ubalozi aliyeuawa, dola 800,000. Mwenyeji aliyejeruhiwa, 400,000. Mwalimu wa Ufundi, hakuna. Abiria wa basi, hakuna.

Naandika takwimu hizi nikiwa na hasira ambayo miaka haijaipunguza. Watu wawili walikaa ofisi moja, dari moja ikawaangukia, na karatasi za mgao zikawapa thamani iliyopishana mara kumi na zaidi. Wale wa jengo la jirani hata karatasi hawakupata. Wala mlipaji naye si yule tuliyemtaka: aliyetoa ni raia wa Sudan aliyekuwa amesimama foleni ya mkate, akilipia deni la mtawala aliyemwondoa mwenyewe barabarani. Usiwafiche watazamaji ugumu huo.

Sasa jambo ambalo wanasheria tunaliona karibu na waandishi hawalioni: makaratasi ndani ya nyumba. Hata kwa familia iliyokuwa na haki ya kudai, fedha haziji kwa machozi. Maafisa maalum walioteuliwa na mahakama walipima dai la kila mtu mmoja mmoja. Vipimo vya mahakama hizo kwa aliyefiwa vinajulikana: mume au mke dola milioni 8, mzazi au mtoto milioni 5, ndugu milioni 2.5. Vyote juu ya karatasi, lakini karatasi hizo zilimlazimu kila mtu athibitishe yeye ni nani kwa marehemu.

Kuthibitisha kwa nini? Cheti cha kuzaliwa ambacho kimekosewa herufi ya jina la mama. Ndoa ya kimila, mahari ililipwa, wazee walikula, hakuna cheti. Mtoto aliyelelewa tangu akiwa na mwaka mmoja ambaye si wa kumzaa. Bibi wa pili kutoka nyumbani anayejitokeza na picha ya 1987, na Sheria ya Urithi ya Kenya, kifungu cha 3(5), inamtambua mke wa ndoa ya kimila kwa ajili ya mirathi hata kama kuna ndoa nyingine ya cheti. Unaanza na barua ya chifu inayoorodhesha warithi. Unakwenda mahakamani kuomba hati za usimamizi wa mali ya marehemu, mnatangazwa kwenye Gazeti la Serikali, mnasubiri siku 30 kama kuna mwenye pingamizi. Na mara nyingi pingamizi lipo, na anayelileta ni shemeji aliyebeba jeneza.

Hapa ndipo binti yako mwanasheria atakuwa na kazi ya kweli. Familia yake haina dai, lakini jirani analo, na jirani anamwamini yeye. Mwandikie onyesho la usiku akiwa amemwaga vyeti vya nyumba ile nyingine juu ya meza yao, akitafuta njia ya kumwingiza mtoto wa kulea kwenye orodha, huku baba yake anapita kwenda jikoni mara ya tatu bila kuuliza anachokifanya. Ukilipata onyesho hilo sawasawa, hutahitaji jaji jukwaani.

Huenda ukauliza: na Kenya je? Ukipenda kumleta binti yako kwenye mahakama ya nyumbani, inawezekana, ila kwa shambulio la baadaye. Tangu Sheria ya Kuwalinda Waathiriwa ya 2014, jamaa wa marehemu ana haki ya kusikilizwa, kujulishwa hatua za kesi, na kutoa taarifa ya madhara kabla ya adhabu. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu ya Kenya, katika kesi ya Joseph Lendrix Waswa, ilisema mwathiriwa anaweza kushiriki kesi ikiendelea, mwenyewe au kupitia wakili, mradi asigeuke kuwa mwendesha mashtaka wa pili. Kwa hiyo wakili wa familia anaweza kusimama, jaji akimruhusu na kwa mipaka anayoiweka jaji. Baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, ambako watu 148 waliuawa tarehe 2 Aprili 2015, watatu walipatikana na hatia mwaka 2019: Rashid Charles Mberesero, Mtanzania, akapewa maisha, wenzake wawili miaka 41 kila mmoja. Baada ya shambulio la jengo la maduka la Westgate, Nairobi, la Septemba 2013, watu 67 wakiwa wameuawa, hukumu ilikuja 2020: miaka 33 kwa mmoja, 18 kwa mwingine. Waliofyatua risasi wenyewe hawakuwahi kusimama kizimbani. Walioshtakiwa ni waliowasaidia. Hilo nalo liandikwe, kwa sababu familia nyingi huingia mahakamani zikidhani zitauona uso wa aliyeua.

Fidia ya nyumbani ni fupi kuelezeka. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2012 iliunda hazina ya kuwafidia waathiriwa. Hazina kuandikwa kwenye sheria na hazina kuwa na fedha ni mambo mawili. Watu wa 1998 wamebisha hodi bungeni na mahakamani kwa miaka, na Seneti iliwahi kuunda kamati maalum kuhusu suala lao. Ukitaka mwisho ulio wazi bila kudanganya, familia ya Ufundi ikiwa bado imeketi mbele ya kamati hivi majuzi, mwanamume mwenye mvi akijibu swali ambalo alilijibu mwaka 1998, huo ni mwisho wa kweli.

Kuna tamthilia nyingine ambayo natamani mtu aiandike, na pengine ni wewe baada ya hii: Kikambala, 28 Novemba 2002. Hoteli ya Paradise, kaskazini ya Mombasa, ilipolipuliwa, Wakenya waliokufa walikuwa wengi kuliko watalii, na miongoni mwao walikuwamo wachezaji wa ngoma waliokuja kuwapokea wageni kwa kazi yao ya kila siku. Wakenya wanne walioshtakiwa waliachiliwa mwaka 2005 kwa kukosekana ushahidi. Huko familia haikupata hatia, haikupata fidia, na pia kulikuwa na familia nne upande wa pili ambazo wanaume wao walikaa rumande wakisubiri kesi isiyosimama. Pwani tunaijua vizuri hali hiyo ya nyumba mbili zinazolia kwa sababu mbili tofauti, na hakuna jukwaa lililowahi kuziketisha pamoja.

Turudi kwenye mswada wako. Baki na mama wa Ufundi; usimhamishie ubalozini ili familia ilipwe. Mwondoe gaidi jukwaani kabisa, atajwe tu. Binti abaki mwanasheria, lakini asishinde kesi; aijue sheria vizuri kiasi cha kuweza kumweleza baba yake, kwa Kiswahili cha nyumbani, kwa nini haimhesabu mke wake. Sijui utaandikaje maelezo hayo, lakini ndiyo hotuba ngumu kuliko zote utakazoandika, na mwigizaji atakayeipata atakushukuru.

Jambo la mwisho ni la kazi. Majina ya waliohukumiwa ni kumbukumbu ya umma na unaweza kuyataja. Majina ya marehemu yamechongwa kwenye ukuta wa bustani ya kumbukumbu pale pale ulipokuwa ubalozi, na kwa sababu yako wazi waandishi hufikiri ni ya kuchukua. Usichukue. Mbunie mama yako jina, kisha lipitie orodha yote ukutani kuhakikisha halimo. Ukikutana na manusura na akakusimulia, mwulize waziwazi kama unaweza kutumia alichosema, na umwonyeshe kurasa kabla ya mazoezi kuanza. Mwenendo wa kesi ya 2001 ni wa wazi pia. Anza na wiki za mwisho, zile za ushahidi wa jamaa, kabla hujaligusa tena onyesho lako la mwisho.